Mtakatifu Thomas More, Wakili na Baba wa Jamaa

Mara nyingi katika kurasa hizi tumesoma habari za maaskofu, watawa na mabikira. Safari hii twawaletea mtu mwenye mke na watoto, tena mtu wa kesi na mabaraza: wakili, yule ambaye kwetu watu humwita avoka. Najua wako watakaotabasamu wakisikia kwamba wakili amehesabiwa kati ya watakatifu, maana katika miji yetu sifa ya kazi hiyo si njema siku zote. Lakini ndivyo ilivyo. Jina lake ni Thomas More, na sikukuu yake ni tarehe 22 Juni.

Alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1478. Baba yake, John More, alikuwa mwanasheria, akawa baadaye mwamuzi katika baraza la mfalme. Thomas alipokuwa mtoto aliwekwa katika nyumba ya John Morton, askofu mkuu wa Canterbury na kansela wa ufalme, apate kutumika mezani na kujifunza adabu. Morton aliiona akili yake, akampeleka Oxford kusoma. Lakini huko hakukaa ila kama miaka miwili, kwa sababu baba yake alitaka mwana ashike kazi ya nyumba yao. Thomas akatii, akarudi London, akaingia katika shule ya sheria ya Lincoln's Inn.

Katika miaka ile moyo wake ulivutwa upande mwingine. Palikuwa na monasteri ya Wakartusiani pale London, watawa wenye kufunga sana na kukaa kimya. Kwa muda wa miaka kama minne Thomas aliishi kwao au karibu nao, akisali pamoja nao bila kuweka nadhiri, na mchana akiendelea na sheria zake. Alijipima. Mwishowe akatambua kwamba Mungu hamwiti huko; akaona heri kuwa mume mwaminifu kuliko kuwa padri asiyeshika ahadi yake. Hata hivyo alitoka na kitu kimoja cha Wakartusiani, nalo ni vazi la singa linalochoma mwili, akalivaa kwa siri chini ya nguo zake mpaka siku ya mwisho kabla ya kufa kwake. Tutalikuta tena vazi hilo mbele.

Mwaka 1504 aliingia bungeni, naye hajafika miaka thelathini. Mfalme Henry wa Saba alikuwa akidai fedha nyingi kwa wananchi. Thomas akasimama akalipinga dai hilo kwa hoja, hata mfalme akapata kidogo kuliko alichotaka. Basi mfalme akakasirika kwa kushindwa na kijana asiye na ndevu. Kwa kuwa kijana hakuwa na mali ya kunyang'anywa, baba yake ndiye aliyetafutiwa kosa, akafungwa hata alipolipa pauni 100. Ndivyo anavyosimulia William Roper, mkwe wake, aliyeandika maisha yake.

Katika kazi ya uwakili Thomas alikuwa na desturi iliyowashangaza wenzake. Mtu akimletea kesi, kwanza alichunguza kama ina haki. Akiona haina, alimshauri mtu yule aiache. Akiona ina haki, alimfundisha njia ya kupatana na mwenzake kwa gharama ndogo. Wakili anayewazuia watu wasishtakiane hujipunguzia chakula chake mwenyewe, nadhani kila mtu anaelewa hivyo. Lakini wateja walizidi, kwa sababu walimwamini. Mwaka 1510 mji wa London ulimfanya mwamuzi wa baraza lake, na pale mara nyingi aliwasamehe maskini malipo ya kesi.

Siku moja meli kubwa ya Papa ilifika bandari ya Southampton, nayo ikakamatwa kwa ajili ya mfalme. Balozi wa Papa akaomba kesi isikilizwe mbele ya watu, akapewa Thomas More kuwa wakili wake. Thomas akasema kinyume cha madai ya mfalme wake mwenyewe, akashinda, meli ikarudishwa. Mfalme wakati huo alikuwa Henry wa Nane. Badala ya kukasirika alimtaka wakili huyo awe mtumishi wake. Kumbe heshima ile ilikuwa mwanzo wa shida.

Sasa tuingie nyumbani kwake, maana huko ndiko tunakotaka kukaa zaidi.

Thomas alimwoa Jane Colt mwaka 1505. Roper asema kwamba moyo wake ulimpenda kwanza mdogo wake Jane, lakini alifikiri itakuwa aibu kwa dada mkubwa kupitwa, akamhurumia, akamchukua yeye. Sidhani kwamba vijana wetu wangefaa kuiga njia hiyo ya kuchumbia. Lakini ndoa ile ilikuwa ya mapendo, wakapata watoto wanne: Margaret, Elizabeth, Cecily na John. Mwaka 1511 Jane akafa, na mtoto mkubwa hajatimiza hata miaka sita. Haukupita hata mwezi mmoja, Thomas akamwoa mjane aitwaye Alice Middleton, aliyemzidi umri. Watu wakanong'ona. Yeye alitazama watoto wanne wasio na mama. Alice alikuwa mwenye ulimi mkali, asiyependa vitabu, lakini alishika nyumba vizuri na kuwalea watoto wa mwenzake. Tena walimlea Margaret Giggs, msichana asiye wa damu yao, na baadaye Anne Cresacre, yatima aliyekuwa chini ya ulinzi wao. Huyo alipokua aliolewa na John.

Nyumba ile ilikuwa shule. Katika siku zile watu wengi walidhani kumfundisha msichana Kilatini ni kumharibu. Thomas alikataa wazo hilo. Alisema kwamba akili ya mwanamke na ya mwanaume ni shamba la namna moja, na kwamba mbegu ya elimu yafaa kupandwa katika yote mawili. Basi binti zake walijifunza Kilatini, Kigiriki, hesabu, habari za nyota na vitabu vya Mababa wa Eklezya, sawa na ndugu yao John. Lakini aliwaonya walimu wao wasiwafundishe watoto kiburi pamoja na elimu. Fadhila itangulie, elimu ifuate. Katika shairi alilowaandikia watoto wake, Thomas anawakumbusha kwamba aliwapa mabusu na keki, na kwamba hakuwapiga ila mara chache, tena kwa unyoya wa tausi. Alipokuwa safarini pamoja na mfalme, alidai barua kutoka kwa kila mmoja. Wakitoa sababu kwamba hakuna habari ya kuandika, aliwajibu waandike basi kwamba hakuna habari.

Matunda ya shule hiyo yalionekana. Margaret alitafsiri kwa Kiingereza kitabu cha Erasmus juu ya sala ya Baba Yetu, kikachapishwa mwaka 1524, naye ana umri wa miaka kumi na tisa hivi. Ninyi makatekista mnaofundisha sala hiyo kila juma, mkumbukeni binti huyo.

Erasmus mwenyewe, mtaalamu mkubwa wa siku zile, alikuwa rafiki wa nyumba hiyo. Ni yeye aliyesimamia kupigwa chapa kwa kitabu cha Thomas kiitwacho Utopia, kinachosimulia kisiwa cha kubuniwa ambako mali yote ni ya shirika. Kilichapishwa mwaka 1516 katika mji wa Leuven, ule ule ambao Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa huku kwetu mwaka 1954, kilichukua jina lake.

Jioni jamaa yote, watoto na watumishi, walikusanyika kusali. Wakati wa chakula mmoja alisoma Maandiko, kisha wakazungumza, na mara nyingi wakacheka, kwa kuwa baba huyo alipenda mzaha kuliko watu wote. Mwaka 1528 hivi, Margaret akashikwa na ugonjwa wa jasho uliokuwa ukiua watu kwa muda wa saa chache. Waganga wakakata tamaa. Baba akaingia katika kikanisa chake, akapiga magoti akalia machozi. Pale pale ikamjia akilini dawa ambayo waganga hawakuifikiri. Akawaambia, wakaijaribu, na binti akapona. Baba alisema baadaye kwamba kama angalikufa, yeye asingalijishughulisha tena na mambo ya dunia.

Mwaka 1529 ghala zake za nafaka huko Chelsea ziliungua, na moto ukafika kwa jirani. Thomas alikuwa mbali kwa mfalme. Akamwandikia Alice amshukuru Mungu kwa yaliyobaki kama kwa yaliyopotea, kisha aulize kila jirani amepoteza nini, nao walipwe, hata kama yeye mwenyewe asingebakiwa na kijiko.

Katika Oktoba ya mwaka huo huo mfalme alimfanya kansela, mkuu wa mabaraza yote ya ufalme. Kila asubuhi kabla ya kukaa kitini, alipita katika baraza alimokuwa baba yake, mwamuzi mzee, akapiga magoti mbele ya watu wote kumwomba baraka. Mkwe wake mmoja, Giles Heron, alidhani atapendelewa katika kesi yake, akakataa kupatana na mwenzake; kansela akatoa hukumu juu yake. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshinda kesi mbele yake alimletea siku ya mwaka mpya jozi ya mifuko ya mikono, na ndani yake dhahabu ya pauni 40. Kansela akapokea mifuko ya mikono kwa shukrani, asije akamwaibisha mama huyo, dhahabu akairudisha. Nikisoma hayo namkumbuka kijana wetu wa Goma, Floribert Bwana Chui, aliyesomea sheria naye, akauawa mwaka 2007 kwa kuwa alikataa rushwa apitishe chakula kilichoharibika mpakani. Eklezya ilimtangaza mwenye heri mwaka 2025.

Tena kansela huyo hakuona aibu kuvaa kanzu nyeupe na kuimba pamoja na waimbaji katika kanisa la parokia ya Chelsea. Mtawala wa Norfolk alimkuta hivyo, akamkaripia kwamba anamvunjia mfalme heshima. Thomas akajibu kwamba mfalme hawezi kuchukizwa na mtu anayemtumikia Bwana wa wafalme.

Haifai kuficha jambo moja. Thomas More aliwapinga kwa ukali waliofuata mafundisho ya Luther, kwa vitabu na kwa nguvu ya sheria, na katika miaka ya ukansela wake watu sita walichomwa moto kwa ajili ya dini. Sheria ya nchi ndiyo iliyoagiza hivyo, na waliotawala siku zile, Wakatoliki na Waprotestanti, walifikiri hivyo. Lakini hatuwezi kusema kwamba ni vema. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifundisha wazi mwaka 1965 kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya imani, naye Papa Yohane Paulo wa Pili, alipomtaja Thomas kwa sifa mwaka 2000, alikiri kwamba katika jambo hili alifungwa na mipaka ya wakati wake. Nyumbani kwake alijua njia nyingine. Roper, mume wa Margaret, alishika kwa muda mafundisho ya Luther. Thomas alibishana naye wee, hata akachoka. Akamwambia Margaret kwamba hatabishana naye tena, atamwombea tu. Naye Roper akarudi.

Basi neno la mfalme likaja. Henry alikuwa amemwoa Catherine wa Aragon mwaka 1509, wakabaki na binti mmoja tu, Mary. Mfalme alitaka mtoto wa kiume, tena alimtamani Anne Boleyn. Akaomba Papa atangaze kwamba ndoa ya kwanza haikuwa ndoa. Papa hakukubali. Ndipo Henry alipoanza kujifanya mkuu wa Eklezya katika Uingereza. Tarehe 15 Mei 1532 maaskofu walikubali kwamba hawatatunga sheria bila ruhusa yake; siku iliyofuata Thomas More akarudisha muhuri wa ukansela.

Akawa maskini kwa siku moja. Aliwatafutia watumishi wake kazi kwingine, akawakusanya watoto na wakwe zake, akawaeleza kwa mzaha jinsi watakavyoshuka ngazi ya chakula, toka chakula cha mabwana hadi kile cha wanafunzi wa Oxford, na wakishindwa hapo, watakwenda pamoja na mifuko kuimba Salve Regina milangoni mwa watu. Wakati wa baridi walikosa kuni, wakachoma majani makavu ya mwituni kabla ya kulala.

Mwaka 1534 bunge lilitoa sheria ya kuwaapisha watu wote kwamba watoto wa Anne ndio warithi wa kiti. Ndani ya kiapo yalikuwamo maneno ya kumkana Papa. Tarehe 13 Aprili Thomas aliitwa Lambeth. Siku nyingine alipoondoka nyumbani, mke na watoto walimsindikiza mpaka mtoni, akawabusu wote. Asubuhi ile alivuta lango nyuma yake, hakumruhusu hata mmoja kumfuata. Akakaa kimya katika mtumbwi pamoja na Roper, kisha akamnong'oneza kwamba amshukuru Bwana, maana vita vimeshindwa. Roper hakuelewa siku ile. Baadaye akafahamu kwamba vita vilikuwa pale langoni, kati ya baba na watoto wake.

Alikuwa tayari kuapa juu ya warithi, kwa maana hilo bunge laweza kulipanga. Kiapo chenyewe, kama kilivyoandikwa, alikikataa, wala hakueleza sababu. Hakumhukumu mtu yeyote aliyeapa. Tarehe 17 Aprili akafungwa katika Mnara wa London.

Humo ndimo Margaret alipokuja. Yeye mwenyewe alikuwa ameapa, akiongeza maneno kwamba ni kwa kadiri sheria ya Mungu inavyoruhusu. Akamsihi baba afanye kama wengine: maaskofu wameapa, wataalamu wameapa, je, yeye peke yake ndiye mwenye macho? Thomas alimwita kwa utani Eva, aliyemjaribu baba yake kwa tunda jingine. Lakini akamjibu pia kwa uzito, kwamba hawezi kuifunga roho yake nyuma ya mgongo wa mtu mwingine, hata awe mwema namna gani. Barua nyingine ya Margaret ilimuumiza kuliko vitisho vyote vya mfalme, akamwandikia hivyo. Alice naye alikuja, akashangaa jinsi mtu mwenye nyumba nzuri, vitabu na bustani anavyokubali kulala kati ya panya. Akamjibu kwa swali, kama nyumba ile haiko karibu na mbingu sawa na ile nyingine. Alice hakuridhika. Hata hivyo aliuza nguo zake apate kulipia chakula cha mfungwa.

Tarehe 4 Mei 1535 baba na binti, wakiwa dirishani, waliwaona Wakartusiani wakitolewa kwenda kuuawa kwa sababu ile ile. Thomas akamwambia Margaret awatazame, wanakwenda kwa furaha kama bwana arusi. Tarehe 22 Juni akakatwa kichwa John Fisher, askofu wa Rochester.

Tarehe 1 Julai Thomas alifikishwa mbele ya waamuzi, katika jumba lile la Westminster alimokuwa akihukumu. Baba wa Anne Boleyn, ndugu yake na mjomba wake walikuwa kati ya waamuzi. Mshtakiwa amedhoofika, akapewa kiti. Hapo wakili akasimama ndani ya mfungwa. Sheria ilimwadhibu mtu aliyekana kwa ubaya cheo cha mfalme; yeye hakukana, alinyamaza, na kanuni ya kale ya sheria ni kwamba anayenyamaza huhesabiwa kuwa amekubali. Mtu hawezi kuuawa kwa ajili ya kimya chake. Mashtaka yakatikisika. Ndipo alipoitwa Richard Rich, akaapa kwamba, siku alipokwenda gerezani kuchukua vitabu vya mfungwa, Thomas alimwambia kwamba bunge haliwezi kumfanya mfalme kuwa mkuu wa Eklezya. Thomas akakana kwa kiapo. Akawauliza waamuzi kama inaaminika kwamba siri aliyowanyima mabwana wakubwa wa ufalme angemfungulia mtu kama Rich, ambaye uongo wake aliujua tangu ujana. Watu wawili waliokuwa chumbani siku ile waliulizwa. Wakasema walishughulika kufunga vitabu, hawakusikia. Watu kumi na wawili walioapishwa walitoka, na baada ya robo saa wakarudi na neno moja: ana hatia.

Kansela mpya alikuwa ameanza kutoa hukumu, mara mfungwa akamkumbusha kwamba desturi ni kumwuliza kwanza mshtakiwa kama ana neno. Sasa kimya hakikufaa tena. Akasema wazi kwamba ufalme mmoja hauwezi kujitungia sheria kinyume cha Eklezya yote, kama mji wa London usivyoweza kujitungia sheria kinyume cha bunge. Akamalizia akisema kwamba Paulo alikubali Stefano auawe, na sasa wote wawili ni rafiki mbinguni. Naye anaomba akutane huko na waamuzi wake.

Aliporudishwa Mnarani, Margaret alikuwa akingoja kando ya mto. Akapenya katikati ya askari wenye mikuki, akamkumbatia baba yake shingoni mbele ya wote. Akambariki. Binti akaenda hatua chache, kisha akageuka, akakimbia tena, akamkumbatia mara ya pili, hata askari wengine wakalia. Tarehe 5 Julai Thomas alimwandikia kwa kaa la moto, maana kalamu alikuwa amenyang'anywa. Alimwambia kwamba hakupendezwa naye wakati wowote kuliko siku ile alipombusu mara ya mwisho bila kujali macho ya watu. Pamoja na barua akampelekea lile vazi la singa, ambalo Margaret amekuwa akilifua kwa siri miaka mingi.

Kesho yake, tarehe 6 Julai 1535, akakatwa kichwa. Jukwaa lilikuwa bovu. Akamwomba ofisa amsaidie kupanda, na kushuka atajitegemea. Akawaomba watu wamwombee, akasema anakufa katika imani ya Eklezya Katoliki. Papa Leo wa Kumi na Tatu alimtangaza mwenye heri mwaka 1886, naye Papa Pius wa Kumi na Moja akamtangaza mtakatifu pamoja na John Fisher tarehe 19 Mei 1935. Mwaka 2000 aliwekwa kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na watu wa siasa.

Kichwa chake kilitundikwa juu ya mti katika daraja la London, wote wakione. Kilikaa pale kama mwezi mmoja. Kabla hakijatupwa mtoni, Margaret alikipata, akakichukua nyumbani, akakitunza. Yeye alikufa mwaka 1544. Kichwa cha baba kiko hata leo katika kaburi la jamaa ya Roper, chini ya sakafu ya kanisa la Mtakatifu Dunstan huko Canterbury.